Baiskeli ya umeme ya bei chee: mota freshi, betri freshi, shokapu za mbele pambo

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo mapema. Baiskeli yenyewe ukiipata kwa bei nzuri chukua, mota inapiga kazi, betri haijaniangusha, ila zile shokapu za mbele ni stika tu, zimewekwa ili picha ya tangazo ipendeze. Na bora ingekuwa stika kweli maana stika haina uzito wala haigongi. Nimeiendesha jua na mvua, nimeifungua hiyo foku, yani ule uma wa mbele unaoshika tairi na kubeba shokapu, nimeipaka grisi, mwishowe nimeing'oa kabisa, kwahiyo ninachosema hapa nimekishika kwa mkono.

Sitaji kampuni wala duka. Fremu hii hii nimeshaiona mjini ikiwa na jina lingine, rangi nyingine na bei nyingine, kwahiyo kutaja jina moja hakutakusaidia sana. Ni ile ya matairi ya inchi 26, mota ya wati 250 imekaa kwenye habu ya nyuma, yani kitovu cha tairi, betri ya volti 36 ampea 10, breki za diski za waya, gia 7 nyuma, na mbele foku yenye shokapu mbili nyeusi zimeandikwa maneno mengi ya kizungu na kinobu cha bluu juu. Nilichukua Kariakoo, Dar es Salaam, chini ya shilingi milioni mbili. Sasa piga hesabu mwenyewe, betri peke yake ndo kitu cha gharama kuliko vyote kwenye baiskeli ya umeme, weka mota, weka kontrola, weka chaja, weka usafiri na ushuru, weka na faida ya muuzaji, alafu jiulize kiwandani foku ilibakiziwa shilingi ngapi.

Mi natokea Segerea naenda Posta. Tabata mpaka Mandela, Buguruni, naingia Uhuru, Ilala Boma, Karume, Kariakoo, mjini. Anayeijua hiyo njia hahitaji maelezo. Lami ipo lakini kuna rasta, vile vituta vidogo vidogo, zimepangwa mfululizo, kuna mifuniko ya chemba iliyozama, na pale pembeni kabisa ambako daladala zinakusukumia ndo lami imemeguka kama biskuti. Mtaani kwangu ni vumbi na makorongo ya maji ya mvua. Sio porini, sio milimani, ni safari ya kawaida tu ya mtu anayeenda kazini, na hiyo foku ilitangazwa kuwa ni ya milimani.

Kuna kitu kimoja watu hawakifikirii kabla ya kuhamia kwenye umeme. Baiskeli ya kawaida ukiona tuta unaacha kupiga pedeli, spidi inashuka yenyewe, unapita taratibu. Ya umeme inakufanya uende spidi 25 muda wote kwa sababu kurudisha spidi hakuumi, unaminya tu. Na nishati ya mgongano haiongezeki sawasawa na spidi, inapanda kwa mraba wake, yani ukitoka spidi 15 kwenda 25 shimo lile lile linakupiga na nishati karibu mara tatu. Juu ya hapo baiskeli yenyewe na betri yake imevuka kilo 20 kabla hata hujapanda. Kwahiyo foku ambayo kwenye baiskeli ya kawaida ungeivumilia, hapa inaumbuka.

Na iliumbuka mapema. Kwanza sauti, kila ukipita rasta inagonga, ngo ngo ngo, sio wakati wa kushuka tu, hata inaporudi juu inagonga, na ukiinua tairi la mbele kupanda kingo ya barabara unasikia chuma kimekutana na chuma. Pili, kwenye vishimo vidogo haisogei kabisa. Hii ndo iliyoniudhi kuliko zote. Shimo kubwa inazama yote mpaka mwisho kwa kishindo, lakini ule mtetemo wa lami mbovu, ule ambao ndo unakaa nao nusu saa nzima, unakuja wote mikononi kana kwamba hakuna springi. Nikifika Posta kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi, mkono wa kushoto zaidi. Huo ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, ukiukandamiza kwenye hendeli na kuutetemesha muda mrefu lazima ulalamike. Tatu, ukishika breki ya mbele kwa nguvu pua ya baiskeli inapiga mbizi, shokapu zote zinaisha, na ukikuta shimo wakati huo huo basi huna kitu cha kukupokea.

Nikarudi dukani. Jamaa wa pale ni mstarabu, alinisikiliza, akaishika hendeli akaibonyeza mara mbili akasema, "Kaka, hizi ndo zilivyo zote, hii bado mpya, itajilainisha ikitumika." Nikamuuliza kile kinobu cha bluu kinafanya nini. "Hicho cha kuongeza ugumu au ulaini, ukitaka laini zungusha huku." Nilizungusha huku, nilizungusha kule, hakuna tofauti ya maana, na baadaye nilipoifungua nikaelewa kwa nini.

Hapa ngoja nieleze kidogo maana ndo kiini cha mambo. Shokapu inatakiwa ifanye kazi mbili. Ya kwanza ni kubonyea, hiyo inafanywa na springi au hewa. Ya pili ni kuituliza hiyo springi isirudi kama manati, na hiyo inafanywa na oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, ile nguvu inageuka joto kidogo kwenye oili na mambo yanaisha. Muulize bodaboda yeyote, shokapu za mbele za pikipiki yake zina oili ndani, oilsili, ule mpira unaozuia oili, ikipasuka oili ikavuja anajua siku hiyo hiyo kwa sababu pikipiki inaanza kurukaruka na kuyumba. Sasa foku ya bei chee kama hii yangu haina oili kabisa. Yani inatoka kiwandani ikiwa kwenye hali ambayo bodaboda angeiita mbovu na kuipeleka kwa fundi.

Nilipoifungua na fundi wangu wa Tabata, tulikuta springi ya chuma mguu mmoja tu. Mguu wa pili mtupu, una fimbo ya kushikilia basi. Chini kuna kipande cha mpira cha kupokea kishindo, juu ambako inapaswa kuwe na kingine hakuna kitu, ndo maana inagonga ikirudi. Yale mabomba ya juu yanayong'aa ni chuma kilichopakwa kromu, unene wa milimita 28, yanateleza ndani ya bushi za plastiki, na hizo bushi zilikuwa kavu, grisi yote waliyoweka ni tone lililogandia kwenye kona. Bushi kavu maana yake kuna msuguano, na huo msuguano ndo unazuia foku isisogee kwenye vishimo vidogo. Mpaka shimo liwe kubwa la kuushinda msuguano ndo inaachia ghafla. Kwahiyo unapata vyote viwili vibaya, ngumu pale unapotaka laini na laini pale unapotaka ngumu.

Na kinobu? Kinobu kinaisukuma springi kutokea juu, kinaibana kidogo kabla hujakaa. Basi. Ugumu wa springi ni unene wa waya wake na idadi ya mizunguko yake, huwezi kuubadilisha kwa kuzungusha kifuniko. Kinachobadilika ni kimo cha baiskeli ukishakaa, milimita chache. Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 wanapewa springi ile ile na kinobu cha kuwafariji.

Kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kufanya nyumbani: chukua ule uzi wa plastiki wa kufungia nyaya, ufunge kwenye bomba linalong'aa, usukume mpaka chini ugusane na sili, alafu panda baiskeli taratibu bila kuruka, shuka, angalia umesogea kiasi gani. Foku nzuri ukikaa inazama kama robo ya safari yake yote, yani umbali wote inaoweza kuzama, au pungufu kidogo. Yangu iliandikwa milimita 100 kwenye tangazo. Nikikaa ilikuwa haizami karibu chochote, msuguano umeishika, na nilipoibamiza kwenye tuta kwa makusudi ule uzi haukufika hata sentimita 6. Hizo sentimita 4 nyingine zilibaki kwenye tangazo.

Haya, sasa nilichofanya. Nitaenda kwa mpangilio wa hela, maana ya bure ndo yanayotakiwa kuanza.

Upepo wa tairi. Aisee hii watu wanaidharau. Duka lilinipa tairi zimejazwa mpaka zinalia, na ukienda kwa wale wa kuziba pancha barabarani wanakupigia na kompresa mpaka kidole kisibonyee hata kidogo, kwao upepo mwingi ndo huduma nzuri. Tairi yangu ya 26 kwa 1.95 ukutani imeandikwa psi (kipimo cha upepo) 40 mpaka 65, dukani walikuwa wamepiga karibu na 65. Nikanunua pampu yenye geji, nikashusha mbele 40 nyuma 45, mi nina kilo 80 kasoro. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote ambacho ile foku imewahi kunifanyia. Tairi ndo shokapu ya kwanza ya baiskeli, haina msuguano, haina bushi, inabonyea hata kwa kijiwe. Ukishusha sana utajua, kuna siku utagonga ukingo wa shimo na tyubu itatoka na matundu mawili sambamba, hapo ringi imeing'ata, ongeza psi 3 au 4 maisha yaendelee.

Tairi nene ndo hatua inayofuata. Nilibadilisha zote mbili nikaweka za inchi 2.35, lakini pima kwanza nafasi kwenye foku na kule nyuma karibu na cheni, na madigadi ilibidi tuinyanyue maana ilikuwa inasugua. Kwenye tairi nene unaweza kushuka psi 30 na kitu bila ringi kugonga, na ule mtetemo wa Uhuru ukapungua nusu. Betri inaisha mapema kidogo? Mi sijaona tofauti ya kunitoa jasho.

Beringi za shingo. Kabla hujaitukana foku hakikisha inayogonga ni yenyewe. Shika breki ya mbele, weka vidole pale shingo inapoungana na fremu, sukuma baiskeli mbele nyuma. Ukisikia inacheza pale kwenye vidole ni beringi za shingo, hizo zinakazwa kwa dakika mbili, unalegeza kwanza bolti mbili za pembeni za shingo ya hendeli, unakaza ile ya juu kidogo kidogo mpaka mchezo uishe na hendeli bado izunguke kirahisi, alafu ndo unakaza zile za pembeni. Mafundi wengi wanakaza ya juu bila kulegeza za pembeni, hapo haifanyi chochote, unaumiza tu bolti. Ukisikia mchezo uko chini, pale bomba linalong'aa linapoingia kwenye mguu mweusi, hizo ni bushi zimekwisha na hakuna spea, hata ukizipata utatumia hela nyingi kuliko thamani ya foku. Na kuna mchezo wa tatu ambao sio wa kuchekea, pale juu mabomba yanapoingia kwenye kile kichwa cha foku. Ukisikia yanalia kriii kriii au yanacheza pale juu, usipande tena. Mabomba yamebanwa kwa kushindiliwa tu kwenye kile kichwa, yakilegea siku moja utabaki na hendeli mkononi.

Yangu shingo ilikuwa inacheza kidogo kutoka dukani, tukakaza, robo ya kelele ikaisha.

Alafu grisi. Kuifungua sio kazi ngumu. Toa tairi la mbele, fungua kalipa ya breki, ile inayobana diski, chini ya kila mguu kuna bolti imejificha kwenye tundu, fungua na spana ya L, ikizunguka bila kutoka vuta miguu ya chini huku unazungusha. Juu toa kifuniko cha kinobu, springi itakusukuma kidogo lakini haina madhara. Vuta, futa uchafu wote kwa kitambaa, paka grisi kwenye bushi na kwenye springi, rudisha. Fundi wangu alitaka kupaka ile grisi nzito ya beringi za gari, nikamwambia hapana mzee wangu, hiyo ni nzito itakusanya mchanga na mpira wa sili hauipendi, nilikuwa nimebeba grisi ya silikoni, ile ya kupaka kwenye mipira ya mabomba na mafilta ya maji. Akacheka. Baada ya hapo foku ilisogea vizuri kuliko siku ya kwanza dukani, kwenye vishimo vidogo ikaanza kujibu. Na tafadhali, ile dawa ya kopo ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoshika kutu usiipulize kwenye shokapu, inateleza siku mbili kwa sababu inaosha grisi iliyokuwepo, ikikauka unabaki pakavu kuliko mwanzo.

Ila kufurahi kwangu hakukudumu. Mvua za masika zikaja, maji na tope vikapita kwenye zile sili ambazo ni mpira mwembamba tu wa kukinga vumbi, na ndani ya muda mfupi ikarudi kule kule. Na wewe unayepeleka baiskeli kaoshi wakaipiga na ile mashine ya presha, unaisukumia maji ndani moja kwa moja. Walio Kigamboni na Zanzibar ndo kabisa, chumvi ya bahari ikishatoboa kromu mabomba yanaota kutu ya vidoti, na kila kidoti ni msasa kwenye bushi. Kwahiyo grisi ni dawa ya kutuliza, ukubali kuifungua kila baada ya miezi kadhaa au ukubali kelele.

Kuna wanaoshauri kuweka springi ngumu zaidi, au kujaza oili ndani kwa ubunifu. Hiyo ya oili nimeshuhudia kwa jirani, ilivuja yote kwenye diski ya breki. Sili haikutengenezwa kushika oili, na oili kwenye diski maana yake huna breki. Msijaribu.

Basi nikaamua kung'oa. Hapo kuna njia mbili, uweke shokapu ya maana au uweke foku kavu ya chuma isiyo na springi yoyote.

Shokapu ya maana ipo, zile za hewa zenye oili, kampuni ya Suntour wana XCR ya hewa, RockShox wana Judy na Recon, ni vitu vinavyofanya kazi kweli, unapima upepo kulingana na kilo zako na unaweza kuchagua irudi haraka au taratibu. Lakini fikiria unaishi wapi. Inahitaji pampu yake maalum ya presha kubwa yenye geji ndogo, ya kawaida haifai. Inahitaji kufunguliwa, RockShox wenyewe wanasema miguu ya chini ihudumiwe kila masaa 50 ya kuendesha, kwa mtu anayeenda kazini kila siku hayo masaa yanafika fasta. Oilsili za saizi hiyo hazipo kwa fundi wa mtaani, utaagiza. Na bei yake unaikuta imefika theluthi ya bei ya baiskeli nzima, kwa ajili ya rasta za Buguruni. Mtu wa milimani kweli, wa Lushoto au wa Uluguru, anunue. Mi wa Segerea hapana.

Mitumba nayo nilizunguka. Kuna baiskeli za zamani za milimani zinakuja kutoka Ulaya na Japani zina foku za chuma safi kabisa, lakini kagua vitu viwili. Nyingi ni za enzi za breki za raba, hazina sehemu ya kufungia kalipa ya diski, ukichukua itabidi urudi kwenye breki za raba na ringi yako ya diski huenda haina ukuta wa kusugulia. Alafu shingo, nyingi zina shingo ya kufunga kwa nati yenye nyuzi juu, na baiskeli yako ya umeme shingo yake haina nyuzi, haziingiliani bila kubadilisha beringi zote na hendeli.

Nilichochukua ni foku kavu mpya ya chuma, ya 26, yenye sehemu ya diski. Niliagiza, haikufika laki mbili pamoja na ufundi. Ukitaka kuagiza shika rula. Bomba la shingo kipenyo chake, nyingi za bei chee ni milimita 28.6 juu mpaka chini, ila fremu mpya mpya nyingine chini zimepanuka, pima kote. Urefu wa hilo bomba, chukua refu ukate, usichukue fupi. Alafu hiki ndo wengi wanakiruka, urefu kutoka ekseli mpaka pale foku inapogusana na beringi ya chini. Foku yenye shokapu ni ndefu, ukiweka kavu fupi pua ya baiskeli inashuka, hendeli inakuwa na wasiwasi, inakata kona kabla hujaiambia, na pedeli zinaanza kugusa matuta. Kila milimita 20 zinakula kama nyuzi 1 ya mwinamo wa shingo. Kwahiyo pima ya zamani, toa kiasi inachozama ukikaa, tafuta kavu ya urefu huo au karibu. Mwisho upana wa ekseli, za kawaida ni milimita 100, na aina ya mkao wa kalipa, maana kuna mbili, huenda ukahitaji adapta. Mi nilihitaji, na nilisubiri adapta kuliko nilivyosubiri foku. Na mwambie fundi asiisahau ile pete ya chini ya beringi, inabaki kwenye foku ya zamani, inabidi igongwe itoke ihamie kwenye mpya.

Matokeo sasa. Baiskeli imepungua zaidi ya kilo nzima mbele, foku za springi kama ile zinacheza kwenye kilo 2 na nusu na zaidi, kavu ya chuma ni kama kilo moja na kitu. Hendeli inaenda unakoituma. Breki ya mbele inashika bila pua kuzama, hii sikuitegemea kabisa, nilidhani breki zenyewe ndo mbovu kumbe foku ilikuwa inajikunja upande wa kalipa. Kimya. Na starehe? Kwenye mtetemo mdogo ni bora kuliko shokapu, kwa sababu ile tairi nene yenye psi 30 na chuma chembamba kinachonesa kidogo vinafanya kazi ambayo bushi kavu zilikuwa zinaizuia. Kwenye shimo kubwa la ghafla ni mbaya zaidi, nisiwafiche, linakuja lote. Unanyanyuka kwenye siti, unakunja viwiko, miguu inalipokea. Mwenye tatizo la mgongo aangalie zaidi bomba la siti lenye springi, hilo ni bei ndogo na linafanya kazi, na gripu pana za kiganja kwa ajili ya ile ganzi. Yangu ganzi imepungua sana, haijaisha yote.

Ukiwa dukani kabla hujatoa hela fanya hivi, shika breki ya mbele, lalia hendeli kwa uzito wako wote, achia ghafla. Ikirudi paa na kugonga, haina oili. Ibonyeze kidogo kidogo kwa vidole, isiposogea mpaka utumie nguvu, bushi kavu. Inyanyue tairi la mbele sentimita kumi uliachie, sikiliza. Muuzaji atakwambia itajilainisha, mwache aongee. Kisha uliza kama wana hiyo hiyo yenye foku kavu. Nilipouliza mi, waliniambia hawaleti, wateja wakiiona wanadhani kuna kitu kimenyofolewa na wanataka kupunguziwa bei.

Kitu cha mwisho ni kwa wale ambao mota yao iko kwenye tairi la mbele, maana zipo pia na zimezagaa. Nyie msifuate hii habari kichwa kichwa. Mota ya mbele inaisokota ekseli kila ukiminya, na zile ncha za foku za aluminiamu au magnesiamu za shokapu za bei chee hazikuumbwa kwa msokoto huo, zinaweza kupanuka au kukatika ekseli ikajizungusha na tairi likachomoka ukiwa spidi. Foku ya chuma ndo sahihi kwenu hata zaidi, lakini ifungwe na ule mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isizunguke, nati zikazwe kweli kweli, na waya wa mota uangaliwe usikatwe na washa. Kama fundi hajui huo mkono ni nini, beba baiskeli yako mpelekee mwingine.

Mota nampa nyota 4, betri 4, breki 3 sasa hivi na mwanzo ningempa 2, siti 2. Shokapu za mbele 0, ziko stoo, mwenye kuzihitaji aje achukue bure ila asinirudishie.